Biskuti ya Kifungo: Kumbukumbu za Kikao cha Tisini na Sita cha Umoja wa Waokaji wa Biskuti za Mbwa

Kikao kilifanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, jikoni nyumbani kwa Fundi Saa, kuanzia saa tisa na dakika kumi alasiri. Muda huu ni kwa mujibu wa saa ya mkononi ya Katibu. Jikoni humo mna saa kumi na moja za wateja zinazosubiri matengenezo, na hakuna mbili zilizokubaliana.

WALIOHUDHURIA
1. Bibi Mpishi, mpishi mstaafu wa shule: Mwenyekiti
2. Mwalimu Mstaafu: Katibu
3. Muuza Nyama: Mtunza Stoo
4. Mpeleka Barua Mstaafu: Msambazaji
5. Fundi Saa, mume wa marehemu Mama Sindano aliyeuanzisha Umoja huu: Mjumbe

MWALIKWA
Daktari wa Mifugo

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Muuza Maua (anapamba ukumbi wa harusi)

ASIYEHUDHURIA BILA TAARIFA
Kinyozi (mara ya tatu mfululizo)

Alikuwapo pia, bila haki ya kupiga kura, Kifungo, mbwa wa marehemu Mama Sindano, mwenye umri wa miaka kumi na minne. Alilazwa juu ya blanketi kando ya oveni.

KUMB. NA. 1/96: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika mapema, isipokuwa Muuza Nyama ambaye alifika mlango ukifungwa. Alieleza kwamba hiki ni kikao cha kwanza kufanyika katika jiko hili tangu kikao cha 72, yaani tangu mwezi aliofariki dada yake, Mama Sindano. Kwa miaka miwili sasa vikao vimekuwa vikifanyika nyumbani kwake yeye Mwenyekiti. Vimehamishiwa hapa leo kwa ombi la Fundi Saa, kwa sababu Kifungo hawezi tena kutembea hadi kule.

Aliwaomba wajumbe wasimame kimya kwa dakika moja. Walisimama. Ilionekana kwamba jikoni hamjabadilika: cherehani iko chini ya dirisha na kitambaa chake juu, mlango wa oveni bado unakingwa kwa stuli ili usifunguke, na sindano ya kushonea magunia, ambayo marehemu aliitumia kupimia kama biskuti zimeiva, inaning'inia kwenye msumari ule ule. Dakika ilizidi kidogo. Hakuna aliyelalamika.

KUMB. NA. 2/96: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 95

Muuza Nyama alipinga neno "alifoka" lililotumika juu yake katika KUMB. NA. 6/95. Alidai kwamba alizungumza kwa msisitizo tu. Katibu alieleza kwamba bakuli lilianguka. Kura zilipigwa na neno likabaki, wanne kwa mmoja. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/96: KUONJA

Kwa kuwa Daktari wa Mifugo ni mgeni, Mwenyekiti alimweleza kanuni ya kwanza ya Umoja. Hakuna biskuti inayotolewa kwa mbwa yeyote kabla kila mjumbe hajaionja mbele ya wenzake. Marehemu aliiweka kanuni hii siku ya kwanza, kwa maelezo kwamba mbwa hana njia ya kumwambia mtu kuwa unga umeingia wadudu.

Biskuti za mwezi huu ziliokwa nyumbani kwa Mwenyekiti na zililetwa katika kopo la bati. Mwenyekiti alionja na kuridhika. Katibu alionja. Mpeleka Barua alionja, akasema kwamba zinashuka zenyewe bila hata chai. Muuza Nyama alionja nne. Daktari alionja moja, akauliza zina nini ndani, akaombwa asubiri ajenda yake. Fundi Saa hakuonja, kama ilivyo katika kumbukumbu za vikao vyote tisini na tano vilivyotangulia. Sababu aliyoitoa katika kikao cha 2, kwamba yeye alioa mshonaji na hakuoa mbwa, haijawahi kurekebishwa.

Baada ya hapo Mwenyekiti aliinama na kumwekea Kifungo biskuti moja mbele ya pua. Kifungo aliinusa, kisha akageuza uso ukutani. Mwenyekiti alisema kwamba pengine hakuiona. Fundi Saa alisema kwamba aliiona.

KUMB. NA. 4/96: TAARIFA YA DAKTARI WA MIFUGO

Daktari alieleza kwamba aliitwa na Fundi Saa baada ya Kifungo kukataa chakula. Leo ni siku ya nne. Amempima na hakukuta ugonjwa mpya. Figo zimechoka, meno yaliyobaki ni sita, na uzee hauna dawa. Alisema kwamba mbwa wa umri huo akiacha kula kabisa, kwa kawaida anaaga. Kwa hiyo yeye na Fundi Saa wamekubaliana kwamba ikiwa Kifungo hatakula chochote hadi Jumatatu asubuhi, atakuja na dawa ya kumlaza moja kwa moja ili asiteseke. Fundi Saa alithibitisha kwamba hayo ndiyo makubaliano.

Daktari aliendelea kueleza kwamba alipokuwa mtaani aliwapima pia mbwa wengine wanaopelekewa biskuti za Umoja. Kati ya mbwa hao kumi na wanane, kumi na mmoja wamezidi uzito na saba wana meno mabovu. Alitoa mfano wa mbwa mlinzi wa nyumba namba 12, ambaye alimbwekea akiwa amelala na akanyamaza kabla hajamaliza.

Mwenyekiti alitakiwa kutaja vitu vinavyotiwa katika biskuti. Alitaja unga, boga, yai, supu ya mifupa, asali, chumvi, siagi na sukari. Daktari alisema, "Mama, samahani, hii ni keki ndogo."

Mwenyekiti alijibu kwamba amewalisha watoto wa shule kwa miaka thelathini na sita na hakuna aliyekufa mezani. Muuza Nyama alimuunga mkono, akamwita Daktari binti na kumwambia kuwa hata wao wajumbe wanazila kila mwezi na wako wazima. Daktari alimtazama na kumuuliza ni lini alipima presha kwa mara ya mwisho.

Daktari alifafanua kwamba biskuti hazikumzeesha Kifungo. Alisema tu kwamba chumvi si rafiki wa figo zilizochoka, na kwamba sukari na siagi si chakula cha mbwa. Hata hivyo Mwenyekiti alisimama, akafungua kamba za aproni, na kusema kwamba ikiwa ameitwa hapa ili aambiwe kuwa ndiye aliyemmaliza mbwa wa dada yake, basi kiti hiki akikalie mwingine leo hii. Alifika mlangoni.

Fundi Saa alimwita arudi. Kwa kuwa maneno yake ndiyo yaliyotoa mwelekeo wa kikao, yanaandikwa kama yalivyosemwa: "Shemeji, rudi ukae. Hakuna aliyekuita muuaji. Mimi nimewaita kwa jambo moja. Nataka anuse zile za mwanzo. Za mke wangu. Mara moja tu. Asipokula, basi, Jumatatu nitafungua mlango nikijua nimejaribu."

Mwenyekiti alirudi. Aproni ilibaki mkononi.

Ndipo ilipobainika kwamba hakuna mjumbe aliyekumbuka mapishi ya mwanzo. Mwenyekiti alisema kwamba ni haya haya, wameongeza kidogo tu hapa na pale. Muuza Nyama aliapa kwamba chumvi ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Mpeleka Barua aliapa kwamba haikuwamo. Marehemu hakuacha karatasi yoyote. Katibu alikumbusha kwamba madaftari manne ya kumbukumbu yapo katika mkoba wake, kama yanavyokuwapo katika kila kikao, na kwamba ni miaka mingi hakuna aliyeomba yafunguliwe.

KUMB. NA. 5/96: KUSOMWA KWA KUMBUKUMBU ZA ZAMANI

Katibu alifungua daftari la kwanza, lenye jalada la kijani na doa la chai katika ukurasa wa tatu, na kusoma kumbukumbu ya kwanza ya Julai 2017:

"Mama Sindano alieleza kwamba Mpeleka Barua amechaniwa suruali mara tatu katika mwezi mmoja na mbwa wa mtaa huu, na kwamba zote tatu amezishona yeye. Alisema kwamba kiraka hakishindani na meno. Ni afadhali kumpa mbwa kitu cha kutafuna kuliko kungoja suruali ya nne."

Wajumbe walicheka. Mpeleka Barua alisimama na kuwaonyesha wenzake mshono ulio chini ya goti lake la kushoto. Alisema kwamba suruali ya tatu ndiyo hii aliyoivaa. Kitambaa chote kimepauka isipokuwa kiraka.

Aliombwa aeleze kwa faida ya Daktari, akaeleza kwa kirefu. Zamani alikuwa na nyumba hamsini na mbili katika mtaa huu, na mfuko wake ulijaa hadi kamba ikamkata bega. Mama Sindano alimpa biskuti katika bahasha, moja kwa kila mbwa, kila bahasha ikiwa na jina la mbwa na namba ya nyumba, ili asichanganyikiwe. Mbwa walijifunza kumngoja. Baadaye barua zikapungua, kisha zikaisha, naye akastaafu, lakini bahasha hazikuisha. Hadi leo kila Jumamosi ya kikao hupita njia ile ile na mfuko ule ule. Alisema kwamba mbwa wa mtaa huu ndio watu pekee ambao bado wanapata barua. Katibu alikubali neno "watu" liandikwe.

Kisha Katibu alisoma mapishi, kama yalivyoandikwa siku hiyo: "Unga wa ngano usiokobolewa, vikombe vitatu. Boga lililochemshwa na kupondwa, kikombe kimoja. Yai moja. Supu ya mifupa mitupu, kiasi cha kukandia. Hakuna kingine."

Daktari aliomba sentensi ya mwisho isomwe tena. Ilisomwa.

Muuza Nyama alikiri kwamba chumvi haikuwamo. Wajumbe waliomba usomaji uendelee, ingawa kilichotafutwa kilikuwa kimekwisha kupatikana. Mwenyekiti aliruhusu.

Ilisomwa kumbukumbu ya kikao cha 9, ambapo Kifungo alipewa ruhusa rasmi ya kuingia jikoni, alikokuwa akiingia tangu mwanzo bila ruhusa. Fundi Saa alikumbusha asili ya jina hilo: akiwa bado mtoto, mbwa huyu alimeza kifungo cha koti la mteja, na Mama Sindano alimngoja siku mbili nyuma ya nyumba na kijiti mkononi. Kifungo kilipatikana, kikaoshwa, kikashonwa. Mteja hakuambiwa. Mpeleka Barua alisema kwamba mteja huyo alikuwa yeye. Fundi Saa alisema kwamba wanajua.

Ilisomwa kumbukumbu ya kikao cha 22: "Mpeleka Barua aliomba sukari kidogo iongezwe. Mama Sindano alijibu: Anayetaka keki aoke keki. Hizi ni za wasioweza kusema kwamba tumbo linauma." Ilisomwa pia ya kikao cha 41, siku gesi ilipokwisha katikati ya kazi, wakamalizia kwenye jiko la mkaa, na biskuti zikatoka nyeusi. Wajumbe walizila zote kwa sababu kanuni ni kanuni. Muuza Nyama alitema ya kwake na akaamriwa achukue nyingine.

Katika kila kikao kuna ajenda ya Kuonja. Muuza Nyama aliomba ajenda hizo zirukwe kwa kuwa maneno ni yale yale kila mwezi. Mwenyekiti alikubali. Katibu aliziruka.

Daftari la nne lilipofikiwa, vicheko vilipungua. Kumbukumbu ya kikao cha 73, Julai 2023, ina mistari miwili tu juu ya biskuti: "Ziliokwa kwa Mwenyekiti mpya kwa vipimo vile vile. Wajumbe hawakumaliza." Kikao cha 75: Mwenyekiti alipendekeza asali vijiko viwili, ilipitishwa kwa kauli moja. Kikao cha 79: Muuza Nyama alipendekeza chumvi, ilipitishwa kwa kauli moja. Kikao cha 84: Mpeleka Barua alipendekeza siagi, ilipitishwa kwa kauli moja. Kikao cha 90: asali ilikuwa imekwisha katika stoo, na Katibu alipendekeza nusu kikombe cha sukari badala yake, ilipitishwa kwa kauli moja. Mwezi uliofuata asali ilirudi. Sukari haikuondolewa.

Ilielezwa kwamba mabadiliko yote manne yaliandikwa na mkono mmoja, na kwamba mwenye mkono huo hakuuliza swali.

Fundi Saa aliuliza kwa nini katika kikao cha 73 wajumbe hawakumaliza. Kisha Mwenyekiti alisema, "Zilinikaba, shemeji. Nilitafuna, nikatafuna, haikushuka. Nikatazama wenzangu, kila mtu anatazama meza. Nikasema moyoni, tukitia asali kidogo labda itapita."

Muuza Nyama alisema kwamba hata yeye siku ile aliitia biskuti mfukoni. Mpeleka Barua alisema kwamba yeye aliitia katika bahasha. Daktari alifuta kitu alichokuwa ameandika katika karatasi yake.

Mpeleka Barua aliongeza kwamba kumbe miaka miwili hii wamekuwa wakijiokea wenyewe, na mbwa wamekuwa wakiwasaidia kumaliza. Hoja hiyo haikupingwa na yeyote.

KUMB. NA. 6/96: KUOKA

Iliamuliwa kwamba biskuti za mwanzo ziokwe hapo hapo. Fundi Saa alifichua kwamba alinunua boga asubuhi, akalichemsha na kulificha chini ya sinki kwa sababu hakujua kama wajumbe wangekubali. Muuza Nyama alikuwa na mifupa, kwa kuwa hatembei bila mifupa, na supu iliwekwa jikoni bila chumvi huku akisimamiwa.

Mwenyekiti alifunga aproni na kukanda. Hakuruhusu msaada. Alipofika kwenye kukata, aliuliza kibati cha kukatia kiko wapi, kwani marehemu hakuwa na kibati cha dukani bali alitumia kifuniko cha kopo la vifungo. Fundi Saa alilitoa kopo kabatini. Vifungo vyote vilikuwamo. Mwenyekiti alivimimina mezani ili apate kifuniko, na kwa muda wajumbe walivigusagusa, kila mmoja akitafuta cha koti lake la zamani, kwani koti likichakaa marehemu alilitoa vifungo na kuvihifadhi humo. Muuza Nyama alipata kimoja. Mpeleka Barua alipata viwili, kimoja kikiwa na alama ya jino.

Trei ziliingia katika oveni na stuli ikawekwa mlangoni. Kikao kilisimama kwa saa moja na dakika tano. Katika muda huo Katibu aliandika majina ya mbwa kumi na tisa, Kifungo akiwamo, juu ya bahasha. Mwenyekiti alipima uivaji kwa sindano ya magunia. Alipoitundika tena, aliitundika kwenye msumari ule ule.

KUMB. NA. 7/96: KUONJA KWA MARA YA PILI

Biskuti zilipopoa, kanuni ilifuatwa. Mwenyekiti alionja. Alitafuna kwa muda mrefu, nayo ikashuka. Katibu alionja. Daktari alionja na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Muuza Nyama alisema kwamba ina ladha ya boksi la viatu. Alipoulizwa kama hilo ni pingamizi, alisema hapana, ndiyo yenyewe, na akamaliza yote. Mpeleka Barua alisema kwamba ladha hii ni ya wakati barua zilikuwa barua. Fundi Saa hakuonja.

Kifungo aliinua kichwa kabla biskuti haijamfikia. Aliinusa kwa muda mrefu kuliko ile ya mwanzo, na mkia ukapiga blanketi mara mbili. Hakula. Daktari aliilowesha nyingine katika maji ya uvuguvugu. Hakula. Fundi Saa aliivunja ya tatu kwa nyundo ndogo ya kazi yake. Hakula. Daktari alisema kwamba ni ajabu, maana mbwa haitazami biskuti, anatazama midomo ya watu.

Fundi Saa alisema, "Basi. Tumejaribu. Asanteni jamani." Akaanza kukunja pembe za blanketi.

Katibu aliomba ruhusa ya Mwenyekiti kurudi katika ajenda zilizorukwa. Ruhusa ilitolewa. Alifungua daftari la kijani na kusoma ajenda ya Kuonja ya kikao cha 1: "Mama Sindano aling'ata nusu, na nusu akampa Kifungo." Akasoma ya kikao cha 2: "Mama Sindano aling'ata nusu, na nusu akampa Kifungo." Akasoma ya 3, ya 17, na ya 40. Akafungua daftari la tatu na kusoma ya kikao cha 72, ambacho marehemu alikiongoza akiwa ameketi kando ya oveni na shali mabegani: "Mama Sindano aling'ata nusu, na nusu akampa Kifungo. Fundi Saa hakuonja."

Ilionekana wazi kwamba mbwa huyu, enzi za biskuti hizi, hakuwahi kula isiyong'atwa kwanza na Mama Sindano. Wajumbe wote walikuwapo miezi yote hiyo, waliliona jambo hilo kila mwezi, na hakuna aliyelikumbuka.

Muuza Nyama alijitolea kung'ata. Mwenyekiti alimwambia akae. Fundi Saa alimtazama Mwenyekiti na kumpa biskuti. Mwenyekiti hakuipokea. Alisema, "Hapana, shemeji. Hiyo si yangu."

Fundi Saa aliketi sakafuni, kwa taabu, karibu na blanketi. Alikaa na biskuti mkononi. Mpeleka Barua alimuuliza kwa upole, mzee mwenzangu, miaka yote minane hii tatizo lilikuwa nini hasa, kwa maana hiyo habari ya kuoa mshonaji hakuna aliyeiamini.

Fundi Saa alijibu, "Niliogopa isije ikawa tamu. Ningemtania mke wangu kwa lipi tena?"

Kisha aliing'ata, akala nusu, na nusu akaishusha mbele ya Kifungo.

Kifungo aliipokea. Kwa kuwa meno ni sita, kazi ilichukua muda, ambao Katibu hakuupima. Makombo yaliyoanguka kwenye blanketi aliyalamba pia. Alipomaliza, alimtazama Fundi Saa mdomoni.

Mwenyekiti alimuuliza Fundi Saa, kwa ajili ya kumbukumbu, ladha yake ikoje.

"Mbaya," alisema Fundi Saa. Akafuta masharubu. "Mbaya kabisa. Nipeni nyingine."

Walikula tatu, nusu kwa nusu.

KUMB. NA. 8/96: MAAZIMIO NA MENGINEYO

(a) Mapishi ya kikao cha 1 yalirudishwa, na mabadiliko ya vikao vya 75, 79, 84 na 90 yalifutwa kwa kauli moja. Mwenyekiti aliombwa abaki katika kiti chake. Alisema kwamba hakuwa ameondoka, alikuwa amekwenda kutazama mlango.

(b) Biskuti tamu zilizobaki katika kopo zisipewe mbwa yeyote. Muuza Nyama alijitolea kuzishughulikia. Daktari alizihesabu na kumwachia mbili.

(c) Daktari atafika Jumatatu asubuhi kama ilivyopangwa. Mfuko wa dawa utabaki garini hadi Fundi Saa atakapouagiza. Daktari alitahadharisha kwamba biskuti tatu hazifuti miaka kumi na minne. Fundi Saa alisema kwamba anajua kuhesabu siku, ndiyo kazi yake. Jumatatu itakuja yenyewe. Leo ni Jumamosi, na Kifungo amekula.

(d) Vikao virudi katika jiko hili. Fundi Saa aliombwa walau saa moja kati ya zile kumi na moja iwe sahihi. Aliahidi kulifikiria.

(e) Kinyozi aandikiwe barua. Mpeleka Barua aliomba aipeleke mwenyewe kwa mkono. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 9/96: KUFUNGA KIKAO

Mpeleka Barua aliondoka na bahasha kumi na nane. Ya kumi na tisa, iliyoandikwa jina la Kifungo, ilibaki mezani, na Fundi Saa aliiweka ndani ya kopo la vifungo.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Katibu alitakiwa kuhesabu walioonja. Kwa mara ya kwanza tangu Umoja uanzishwe, idadi ya walioonja ni sawa na idadi ya waliohudhuria.

Sahihi:

..............................
Bibi Mpishi
Mwenyekiti

..............................
Mwalimu Mstaafu
Katibu